CHAMA CHA WAPIGANAJI WA ZAMANI: NI CHA NINI, NA NI CHA NANI?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Wazee wetu, akina mama na viongozi wa vikundi, karibu kila kikundi chetu kina mzee aliyepigana vita, au mjane wake. Na kila tukizunguka vijijini tunaulizwa: "Nikilipa kiingilio cha chama cha wapiganaji, nitapata fidia?" Swali hili latuonyesha kwamba watu wanaandikishwa kabla ya kuelezwa.

1. Chama ni cha nini?

Mau Mau ilipigwa marufuku mwaka 1950, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 2003. Miaka 53! Baada ya hapo ndipo wapiganaji wakaweza kuandikisha chama kwa jina lao. Kazi za chama kama hicho ni nne: kutunza kumbukumbu, kusaidia wagonjwa na wajane, kuzikana, na kudai haki. Msizichanganye.

Tuchukue hiyo ya haki. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwa ndani yake. Fedha hizo zilikuwa za wadai 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari, wala si za kila mwenye kadi ya chama. Kesi nyingine, ya watu zaidi ya 40,000, ilitupwa London mwaka 2018, hasa kwa sababu muda mrefu ulikuwa umepita. Basi kadi ya chama si cheki. Anayekuuzia fomu kwa ahadi ya fidia anakula jasho lako.

2. Nani awe mwanachama?

Hii yategemea kazi mliyochagua. Mwangalieni Waruhiu Itote, yaani General China. Alikuwa askari wa KAR hadi Burma, kisha akapigana katika msitu wa Mlima Kenya. Askari wa KAR alikuwa na karatasi za jeshi. Lakini msituni nani alitoa karatasi? Huko ushahidi ni watu. Kwa hiyo katiba iseme: mashahidi wawili au watatu waliokuwa naye, wasimame mbele ya kamati, na maneno yao yaandikwe.

Na akina mama waliobeba chakula na habari usiku, je? Kama kazi ya chama ni kumbukumbu, bila wao habari ni nusu. Waandikeni kama wanachama kamili, si kama wageni.

Na mjane? Shirika la Jumuiya ya Madola lililoanzishwa 1921 kwa ajili ya askari wa zamani husaidia pia wajane wa waliotumikia Uingereza kabla ya uhuru, maana shida haizikwi na mume. Nanyi semeni wazi: mwanachama akifariki, mjane anarithi nafasi, kura na msaada, au anarithi msaada tu? Kijana wa miaka 15 mwaka 1952 leo anakaribia 90. Hili si la kungoja mkutano wa mwakani.

3. Andikeni haya katika katiba

– Kazi za chama, moja moja.
– Anayestahili, na ushahidi wake.
– Kiingilio ni kiasi gani, na risiti kila mara.
– Mjane na watoto wana haki gani.
– Mwanachama aondolewe kwa kosa gani, na asikizwe kwanza.
– Hesabu isomwe mbele ya wote angalau mara moja kwa mwaka.

Kisha someni yote kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani, maana wazee wengi macho yamechoka.

Maswali ya kujadiliana

Katika kikundi chenu, nani ameachwa nje kwa kukosa karatasi? Pesa za kiingilio zilizokwisha kutolewa zina risiti? Mjane akija kesho, mtamjibu nini?