Saratani Hupata Nguvu kwa Kuchelewa Kwetu

Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa wa Tunduma na vijiji vya Mkoa wa Songwe



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimfikie Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w.

Ndugu wapenzi, na akina mama na dada zetu mnaotusikiliza kutoka upande wa pili wa pazia, leo tunazungumzia ugonjwa ambao katika mitaa yetu hutajwa kwa kunong'ona. Ni saratani, ambayo wengi wetu huiita kansa. Tumeuchagua kwa sababu sehemu kubwa ya mauti yanayoletwa nao hutokana na ucheleweshaji, na ucheleweshaji huo huanzia majumbani mwetu, kabla mgonjwa hajafika hospitali.

Mtume Mtukufu s.a.w. alitufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa bila kuuwekea dawa, na akatuamrisha tuitafute. Kwa hiyo kutafuta tiba ni sehemu ya utiifu, na haipunguzi tawakali ya muumini hata kidogo.

Saratani ni nini?

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo zisizohesabika. Kila chembe huzaliwa, hufanya kazi yake, kisha hufa kwa zamu na nyingine ikachukua nafasi yake. Saratani huanza pale chembe moja inapoharibika katika maagizo yake ya ndani, ikaendelea kuzaana bila kikomo. Hukua na kuwa uvimbe au kidonda, hupenya viungo vya jirani, na mwishowe husafiri kwa njia ya damu na mitoki hadi kwenye ini, mapafu au mifupa. Ikiwa bado imekaa mahali pamoja, mara nyingi huweza kuondolewa. Ikishatawanyika, kazi ya daktari huwa ngumu mno.

Hivyo saratani ni jina la magonjwa mengi, kila moja na chanzo chake. Haiambukizwi kwa kula sahani moja na mgonjwa wala kwa kumwosha. Haitumwi na jirani mwenye husuda. Nyumba ngapi zimevunjika kwa sababu mama alivimba titi na ndugu wakaanza kumtafuta mchawi, huku uvimbe ukiendelea kukua?

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikadiria kwamba mwaka 2022 Tanzania ilipata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000. Saratani ya mlango wa kizazi peke yake iliwapata wanawake zaidi ya 10,000, na zaidi ya 6,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Nayo ndiyo saratani ambayo elimu ya leo inaweza kuizuia karibu yote.

Vyanzo vilivyo karibu nasi

Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na kirusi cha papiloma, kinachoenezwa kwa tendo la ndoa. Mwanasayansi Mjerumani, Harald zur Hausen, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua uhusiano huo. Kirusi hiki huweza kukaa kimya mwilini, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kugeuza chembe za kawaida kuwa saratani. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI yumo katika hatari iliyo kubwa kiasi cha mara sita kuliko mwenzake. Sisi tunaishi katika mji wa mpakani, ambako malori husimama foleni siku nyingi kungoja kuvuka kwenda Nakonde, na wanaume wengi hukaa mbali na wake zao. Mafundisho ya Islamu juu ya kujihifadhi na zinaa ni ngome ya afya pia, na mwanamume anayeibomoa humletea maradhi mkewe aliyetulia nyumbani.

Saratani ya ini ina vyanzo viwili vikubwa kwetu. Cha kwanza ni virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo chanjo yake hutolewa kwa watoto wachanga nchini tangu mwaka 2002. Cha pili ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu kwa ghafla katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, hudhuru ini polepole. Sisi wa Mbozi na Momba, ambao mahindi ndiyo tegemeo letu, tuyaanike juu ya turubai, tuyahifadhi makavu, na tuache desturi ya kuyapeleka mashineni yale yaliyoota ukungu ati kwa kuwa ni ya kula nyumbani tu.

Saratani ya umio, yaani njia ya kupitisha chakula, imeenea katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Malawi na kusini zaidi. Tumbaku na pombe ni miongoni mwa visababishi vyake. Mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa walitangaza pia kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinachangia. Kwenye baridi ya nyanda zetu za juu chai hunywewa ikitoka motoni. Tuiache ipoe kidogo. Mtu ambaye ugali humkwama, kisha hata uji ukamkwama, asingoje mwezi mwingine.

Tumbaku haihitaji maelezo mengi. Huleta saratani ya mapafu, kinywa, koo na kibofu, iwe ya kuvutwa, kunuswa au kutafunwa. Pombe nayo, iliyoharamishwa kwetu, huongeza saratani ya ini, umio na matiti.

Ziko saratani ambazo hatuwezi kuzitajia chanzo kimoja, kama ya titi na ya tezi dume. Umri na urithi wa ukoo huchangia. Kwa hizo, kinga yetu kubwa ni kuzijua dalili mapema.

Dalili zisizofaa kufichwa

Mwanamke anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au katikati ya hedhi mbili, au baada ya hedhi kukoma kabisa, aende hospitali. Vivyo hivyo mwenye kivimbe katika titi au kwapani hata kama hakiumi, chuchu iliyorudi ndani au inayotoa damu. Kivimbe kisichouma ndicho hudanganya wengi.

Mwanamume mtu mzima anayepata shida ya kukojoa au anayeona damu katika mkojo, apimwe. Huenda ni uvimbe wa tezi dume usio saratani, lakini hatajua mpaka achunguzwe. Kidonda kisichopona, sauti iliyokwaruza kwa wiki nyingi, choo chenye damu na kukonda bila sababu ni dalili za kuangaliwa pia.

Watoto nao hupata saratani. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, akiwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya wa watoto unaokua kwa kasi, ambao baadaye uligunduliwa kuhusiana na malaria na kirusi kimojawapo. Watoto wengi wenye uvimbe huo hupona kwa dawa wakiwahishwa. Tena mzazi akiona weupe unaong'aa ndani ya mboni ya jicho la mtoto, asiseme ni chongo ya kuzaliwa. Amwahishe, maana huenda ni saratani ya jicho.

Chanjo na uchunguzi

Chanjo ya kirusi cha papiloma ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 utaratibu ulibadilika, dozi ikawa moja, na kampeni ikawafikia wasichana wa miaka 9 hadi 14. Tumesikia maneno mawili dhidi yake. La kwanza ni kwamba huharibu uzazi. Mamilioni ya wasichana duniani wamechanjwa kwa muda wa miaka mingi, na uchunguzi haukuona dhara hilo. La pili ni kwamba kumchanja binti mwenye heshima ni kumtuhumu. Ndugu zetu, binti huyo ataolewa. Hata akiingia katika ndoa akiwa safi kabisa, je, tunayajua yote yaliyopita ya mwanamume atakayemwoa? Chanjo humlinda binti na asilolifanya yeye, na ndiyo maana hutolewa kabla hajafika umri wa kuolewa.

Kwa waliokwisha kuolewa uko uchunguzi. Muuguzi hupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi, na sehemu iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Ikionekana mapema, sehemu hiyo huweza kutibiwa kwa baridi kali au joto, na mama akarudi nyumbani siku ile ile. Wanaohimizwa zaidi ni wenye umri wa miaka 30 hadi 50, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI hata kabla ya umri huo. Anayeona haya aombe muuguzi wa kike, na asipopatikana, sheria yetu imeruhusu kufunua kwa dharura ya tiba. Nanyi waume, msingoje kuombwa ruhusa mara tatu. Wapelekeni wake zenu ninyi wenyewe.

Safari ya tiba

Saratani hutibiwa kwa upasuaji, kwa mionzi na kwa dawa, na pengine kwa zote pamoja. Kabla ya hapo daktari hukata kinyama kidogo ili kipimwe. Si kweli kwamba kisu hicho hueneza ugonjwa. Bila kipimo hicho tiba itakuwa ya kubahatisha.

Ugumu wetu sisi wa Songwe ni masafa. Zahanati humpeleka mgonjwa hospitali ya wilaya, nayo humpeleka Vwawa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, kiasi cha kilomita 100 kutoka Tunduma. Wengi wanaohitaji mionzi hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900. Kwa miaka mingi hapo ndipo palikuwa mahali pekee nchini pa tiba ya mionzi, kabla ya Bugando, Mwanza, nayo kuanza. Tiba yenyewe huchukua wiki kadhaa, na mgonjwa huhitaji nauli, mahali pa kulala na mtu wa kumwangalia. Mama mkulima wa Ileje au Momba atavipata wapi?

Hapo ndipo ucheleweshaji unapoingia. Mwezi wa kwanza hupita kwa aibu, wa pili kwa mganga, wa tatu kwa kungoja mavuno yauzwe. Barua ya rufaa hukaa ndani ya sanduku. Mgonjwa anapofika Ocean Road, ugonjwa umekwisha kutawanyika, naye akirudi na kufariki, watu husema mionzi ndiyo imemwua. Hivyo jirani aliyeanza kuona dalili huogopa kwenda, naye huchelewa vile vile.

Tusisahau yaliyotokea mwaka 2011, pale maelfu kwa maelfu walipofunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa shilingi 500, wakiambiwa kinaponya maradhi sugu, saratani ikiwemo. Wako walioacha dawa zao za hospitali wakafa. Wale watu walipata nauli ya kufika Loliondo! Basi haikuwa fedha peke yake iliyokosekana. Hirizi na makombe hufanya kazi ile ile ya kupoteza miezi. Dua ni silaha ya muumini, nasi tuombe usiku na mchana, lakini tuombe tukiwa njiani kwenda hospitali.

Wajibu wetu

Mtu akifa katika jamaa yetu, kabla ya Adhuhuri sanda imepatikana, gari limepatikana, na mchango umejaa. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa umoja huo. Lakini tujiulize kwa haki: marehemu huyo alipokuwa akitafuta nauli ya Mbeya, nani alipita na kofia msikitini? Tumekuwa wepesi kumzika mtu kuliko kumsafirisha akiwa hai.

Kwa hiyo tunapendekeza kila msikiti uwe na mfuko wa wagonjwa, hata ukianza kwa shilingi chache kila Ijumaa. Miongoni mwa wanaostahiki Zakat ni mafakiri, maskini na msafiri aliyeishiwa, na mgonjwa maskini aliye njiani kwenda kutibiwa hakosi kuwa mmoja wao. Akina mama wapange siku ya kwenda pamoja kuchunguzwa, ili aibu ya mmoja ifunikwe na wingi wa wenzake. Jamaa walioko Mbeya na Dar es Salaam wawapokee wageni hawa majumbani mwao.

Ni kweli kwamba si kila saratani hupona. Yuko atakayefanya yote haya na ajali yake ikawa imefika. Huyo naye ana haki kwetu: atulizwe maumivu kwa dawa kama mofini, ambayo si haramu kwa mgonjwa anapopewa na daktari, asafishwe kidonda chake bila kukunjiwa uso, na asiambiwe kwamba ameadhibiwa. Subira yake ni ibada, na kumhudumia ni ibada yetu.

Ikiwa yupo kati yetu leo mwenye barua ya rufaa iliyokunjwa nyumbani, au dalili aliyoificha hata kwa mwenzi wake, tunamsihi aiseme kabla jua halijatua. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atupe moyo wa kuchangia uhai wa ndugu zetu kama tunavyochangia maziko yao. Amin.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.