Zilipendwa Ndani ya Waya: Kuchagua Pikapu za Gitaa Hapa Unguja



Ukitamka "pikapu" hapa Mji Mkongwe, nusu ya ukumbi huona gari lililojaa ndizi likiingia Darajani. Pikapu ya leo haina magurudumu. Ni kile kijisanduku kilicho chini ya nyuzi za gitaa la umeme, chenye sumaku na waya wa shaba mwembamba kama unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo huzaliwa kwenye waya ukaenda kwenye amplifaya. Basi. Na vijana hunijia wakisema: "Mwalimu, nataka gitaa langu lilie kama zilipendwa. Ninunue pikapu gani?"

Nami huwauliza: zilipendwa zipi? Kuna gitaa la taarabu ya Tanga, pale Black Star na Lucky Star walipotia gitaa la umeme na besi, wakati Ikhwani Safaa wetu, chama cha tangu 1905, kikijulikana kwa udi, kanuni na fidla. Kuna solo ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Hayo ni magitaa mawili yasiyofanana, na wengi wetu tuliyasikia redioni: yalipita kwenye maikrofoni ya studio, mkanda na mnara, mwisho yakatoka kwenye spika isiyozidi upana wa sahani. Sehemu ya utamu tunaoukumbuka ni ya spika ile. Kijana asiyelijua hili atanunua pikapu tatu akimtafuta mtu aliyejificha ndani ya redio ya babu yake.

Mimi mwenyewe niliwahi kuingia mtego huo. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba pikapu aliyonayo ni "moto". Ilikuwa moto kweli! Gitaa lilinguruma kama boti ya Pemba ikiondoka bandarini, lakini ule mmeremeto wa juu, solo inapojibizana na mwimbaji, ulikufa palepale. Baadaye nilielewa. Waya ukizidi mizunguko, pikapu huzidi nguvu, na papo hapo huzidi kumeza sauti za juu. Pikapu nyingi za zamani zilikuwa dhaifu, na sauti tunayoililia ni ya udhaifu huo. Dukani, hata hivyo, watu huulizia yenye nguvu.

Tazameni gitaa la Stratocaster la 1954. Pikapu yake ni ya koili moja, yaani fungu moja la waya, mizunguko kama 8,000, na ukipima ukinzani wa waya huo utapata karibu omu 6,000. Inalia wazi kama kengele, ila huokota mvumo wa umeme wa nyumba nzima, na nyumba zetu, wallahi, zina mvumo. Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliutibu mvumo huo kwa koili mbili zilizopingana, pikapu iliyoingia kwenye magitaa mwaka 1957. Mashine za kuzungushia za miaka ile ya mwanzo hazikusimama zenyewe kwa hesabu moja, kwa hiyo pikapu moja ilitoka na omu 7,000 na jirani yake karibu 9,000. Basi boksi likiandikwa "sawasawa na 1957", muulize muuzaji: sawasawa na ipi?

Na mita yako nayo ina hila. Shaba ikipata joto, ukinzani wake huongezeka karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii. Pikapu iliyopimwa omu 7,500 kwenye karakana ya nyuzijoto 20 itakuonesha kama 7,850 hapa adhuhuri ya nyuzijoto 32. Usirudi dukani kugombana. Subiri usiku, upime tena.

Kubwa kwetu ni chumvi. Kwenye pikapu za aina ya Stratocaster, waya umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku. Upepo wa bahari ukiitia sumaku kutu, kutu huula waya, na siku moja gitaa linanyamaza katikati ya wimbo. Pikapu za Gibson za 1957 hazikuzamishwa kwenye nta, na wapenda asili wanataka hivyohivyo. Mimi hapa nawaasi: kwa Unguja, nunua iliyozamishwa. Nta huzuia unyevu, tena huzuia koili kutetemeka na kupiga mluzi ukikaribia spika.

Mluzi huo una kisa kinachotugusa. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa mji huuhuu mwaka 1946. Mpiga gitaa wake, Brian May, alianza kuunda gitaa lake na baba yake mwaka 1963, na pikapu za kwanza alizitengeneza mwenyewe. Zililia vizuri, ila kila alipouvuta uzi kwa upande zilitoa mkwaruzo wa ajabu. Akanunua tatu za Burns Tri-Sonic, na ili zisipige mluzi akazijaza gundi ya Araldite. Gundi ya dukani! Ndizo zinazosikika kwenye sahani za Queen.

Kabla hujatoa pesa, chukua bisibisi. Ishushe pikapu uliyonayo milimita mbili, mbali na nyuzi: itapungua nguvu na kupata uwazi. Kisha tazama vile vitufe vya sauti; koili moja kwa kawaida hutaka cha omu 250,000, koili mbili 500,000. Kikiwa kidogo kuliko inavyotakiwa, pikapu nzuri itaonekana ina mafua. Ukiamua kubadilisha, hifadhi ile ya zamani kwenye kopo lenye mchele mkavu, maana utaitaka.

Sasa kijana wangu ameshachomeka magitaa mawili hapo mbele. Atapiga kifungu kilekile kwa lile la kushoto, kisha la kulia. Moja lina pikapu ghali kutoka Marekani. Jingine lina pikapu yake ya kiwandani, imeshushwa tu kwa bisibisi. Zimeni simu, fumbeni macho. Sitawaambia ni lipi mpaka mnyooshe mikono.