Mishahara Miwili Katika Nyumba Moja
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa chama)



Zamani, katika ofisi za Serikali ya Uingereza, karani mwanamke akiolewa aliachishwa kazi. Amri ile iliondolewa mwaka 1946, ila katika kazi za ubalozi ilidumu hata 1973. Mshahara sawa na wa wanaume walianza kuongezewa kidogo kidogo mwaka 1955, wakaupata kamili 1961.

Haki hiyo naisifu sana. Lakini sisi tu watu wa hesabu, basi na tuhesabu. Tuseme karani apata shilingi 300, na tarishi 100: mara tatu. Karani huoa mwanamke aliyesoma kama yeye, naye bibi huyo apata 300. Mke wa tarishi hakusomeshwa. Auza maandazi, faida yake 20. Nyumba moja sasa ina 600, ya pili 120: mara tano! Nasema haya nami mke wangu ni mwalimu, na jirani yangu ni tarishi.

Je, tuwarudishe wake zetu jikoni? Hasha. Mke wa tarishi naye angalisoma ukarani akapata 300, nyumba yake ingalikuwa na 400, na ile mara tano ingalishuka ikawa mara moja na nusu.

Masomo yetu ya jioni ni ya makarani na wake zao tu. Naomba wake na binti za matarishi wakubaliwe pia, bila ada. Karatasi ya michango hii hapa mezani. Jina langu nimekwisha kuliandika.