Kwa nini Mgonjwa Hulazwa Kifudifudi

Fungueni madaftari yenu. Somo letu la leo linahusu mapafu.

Labda siku moja utakwenda hospitali kumtazama ndugu yako aliye mahututi kwa ugonjwa wa mapafu. Utamkuta amelazwa kifudifudi, uso umegeuzwa upande, na mpira wa kupitishia hewa umo kinywani. Utashtuka na kusema, "Mbona wamemlaza hivi? Si watamziba pumzi?" Pengine utataka kumgeuza. Usimguse. Sikiliza kwanza sababu yake.

Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo vya hewa, mamilioni mengi. Tukivuta pumzi, hewa huingia humo, na damu ipitayo karibu huchukua oksijeni na kuipeleka mwilini.

Viini vya ugonjwa vikiingia mapafuni, mwili hupeleka askari wake, yaani chembe nyeupe za damu. Mahali pa vita hupata joto na kuvimba, kama kidole kilichochomwa na mwiba. Uvimbe huo ni ulinzi, nao ni jambo jema. Lakini mara nyingine vita huzidi kiasi. Mishipa myembamba ya damu huvuja, na vifuko vya hewa hujaa maji. Hapo walinzi wameanza kuibomoa nyumba waliyokuja kuilinda. Mwaka 1967 madaktari wa Denver, Marekani, waliandika habari za wagonjwa 12 wa namna hiyo.

Sasa tazameni habari ya kulala. Sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongo. Mgonjwa akilala chali, moyo na tumbo huyalemea mapafu, na mapafu yenyewe yamekuwa mazito kwa maji, mfano wa sifongo iliyolowa. Basi vifuko vya mgongoni hubanwa na kujifunga. Damu bado hupita huko, lakini haipati oksijeni. Mgonjwa akigeuzwa kifudifudi, moyo hulalia mfupa wa kifua, mgongo huwa huru, na vifuko vingi hufunguka tena.

Je, jambo hili limejaribiwa? Ndiyo. Mwaka 2013 daktari Claude Guérin na wenzake walitoa habari za wagonjwa mahututi 466, karibu wote katika hospitali za Ufaransa, na wote walikuwa katika mashine ya kupumulia. Katika muda wa siku 28, kati ya kila wagonjwa 100 waliolazwa chali, walikufa kama 33. Kati ya kila 100 waliolazwa kifudifudi kwa saa 16 au zaidi kila mara, walikufa 16. Fanyeni hesabu wenyewe.

Na uvimbe je? Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, madaktari wa Uingereza waliijaribu deksamethasoni, dawa ya zamani ya bei rahisi inayotuliza uvimbe. Kati ya wagonjwa 100 wa korona walio katika mashine, vifo vilipungua kutoka 41 hadi 29. Lakini wale ambao hawakuhitaji oksijeni hawakupata faida yoyote. Kwa nini? Dawa hii huwatuliza askari wa mwili, na kama vita havijazidi, askari hao bado wanahitajiwa. Kwa hiyo usiinunue dukani na kuinywa kwa shauri lako mwenyewe.

Shikeni mambo matatu. Kwanza, kumgeuza mgonjwa wa mashine ni kazi ya watu kadhaa waliofundishwa, na mmoja wao hushika kichwa na mpira. Si kazi ya jamaa. Pili, mtu akishindwa kupumua nyumbani, mwache akae jinsi anavyoona nafuu, kisha mpelekeni hospitali upesi. Tatu, haya si ya mtoto mchanga nyumbani: yeye alazwe chali anapolala usingizi.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Uvimbe husaidia lini, na hudhuru lini?
2. Vifuko vya mgongoni hubanwa na nini?
3. Utamwambia nini jamaa anayetaka kumgeuza mgonjwa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.