Mlinzi Anaponyamaza

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Leo nazungumzia kimya ambacho wengi wetu hukipokea kama habari njema: kimya cha programu ya kulinda kompyuta, iitwayo ngome.

Ngome hukaa mlangoni, baina ya kompyuta na mtandao. Kila kinachoingia na kinachotoka hukiuliza: watoka wapi, wakwenda wapi, nani kakuruhusu? Aidha, huweka hesabu ya vilivyopita na vilivyozuiwa. Sasa hutokea siku hesabu hiyo ikasimama. Kioo kinaonyesha sifuri, ilhali barua zinatumwa na kurasa zinafunguka. Wapo wanaosema, "Hakuna shambulio, tumshukuru Mungu." Mimi nasema hapana. Askari wa getini ambaye daftari lake la wageni halina jina hata moja, na wageni tunawaona wamejaa ndani, hastahili sifa. Anastahili kuulizwa.

Tutazame yaliyoikuta Equifax, kampuni ya Marekani inayoweka kumbukumbu za mikopo ya watu. Mwezi Mei 2017 wezi waliingia kupitia kasoro katika programu ya Apache Struts, kasoro ambayo dawa yake ilikwisha kutolewa tangu Machi. Kampuni ilikuwa na chombo cha kukagua mawasiliano katika mtandao wake. Lakini cheti cha kielektroniki kilichokiwezesha kusoma mawasiliano yaliyofungwa kwa siri kilikuwa kimepitwa na wakati, na kwa miezi mingi hakuna aliyekihuisha. Chombo kilikuwepo, mawasiliano yalipita, na ukaguzi haukuwepo. Tarehe 29 Julai cheti kipya kilipowekwa, mara moja yakaonekana mawasiliano ya kutiliwa shaka. Wezi walikuwa wamekaa ndani siku 76. Habari za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimeguswa, na mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa dola zisizopungua milioni 575.

Ndugu msikilizaji, kompyuta ya duka au ya ofisi ndogo haina habari za mamilioni. Ina za wateja wako, nao wamekuamini.

Basi hesabu ikisimama, tufanyeje? Kwanza, ijaribu. Fungua ukurasa wowote wa mtandao huku macho yako yakiwa kwenye tarakimu. Zisipocheza, kuna kasoro. Pili, elewa kwamba dirisha unaloliona na mlinzi mwenyewe ni vitu viwili. Dirisha laweza kuganda mlinzi akiwa kazini. Vilevile mlinzi aweza kufa dirisha likabaki linang'aa. Hakikisha programu inafanya kazi, kisha zima kompyuta na kuiwasha upya. Tatu, tazama kama hukuweka ngome mbili. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Nne, angalia kama leseni imekwisha, au kama kompyuta ilibadilishiwa mfumo karibuni na ngome ikabaki ya zamani.

Watumiaji wa Windows nao wajue jambo moja. Ngome yake haiandiki daftari la matukio mpaka iamriwe, na daftari hilo kwa kawaida lina kikomo cha kilobaiti 4,096. Ukilikuta tupu, huenda halikuagizwa kuandika.

Yote yakishindikana, chomoa kompyuta kwenye mtandao, ondoa programu, kisha iweke upya kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, si kutoka kwa rafiki wa rafiki.

La mwisho ni la uongozi. Kila ofisi imtaje mtu mmoja, na siku moja ya juma, ya kuitazama hesabu hiyo. Kazi ya wote haina mwenyewe. Mlinzi naye anahitaji wa kumlinda.