Nani Hayumo Kwenye Mchoro?

(Hotuba ya ofisi ya maendeleo kwa wajumbe wa kamati za parokia, siku ya semina ya kuandaa taarifa za robo mwaka)



Awali ya yote tunawashukuru kwa michoro mliyoleta. Tuliomba kila parokia iweke takwimu zake kwenye karatasi ya manila badala ya jedwali refu, na sasa ukuta mzima umejaa nguzo, miduara na ramani, nyingine zimepakwa rangi na watoto wa shule. Wachoraji wake ni wakulima, walimu na akina mama wa jumuiya, si wataalamu wa takwimu, na hilo halitusumbui hata kidogo. Tunachotaka kuzungumza asubuhi hii ni kile kinachopaswa kufuata baada ya mchoro kubandikwa, yaani watu kusimama mbele yake na kuhoji. Tumehudhuria mikutano mingi ambamo mchoro hubandikwa, hupigiwa makofi, hukunjwa, kisha wajumbe wanaendelea na mengineyo.

Tuanze mbali kidogo, London, mwaka 1854. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho, kuzunguka barabara iliyoitwa Broad Street. Katika muda wa siku 10 hivi walikufa watu zaidi ya 500. Wakubwa wa afya wa wakati ule waliamini kwamba ugonjwa huo unaletwa na hewa chafu yenye harufu mbaya. Daktari mmoja, John Snow, alikuwa na wazo jingine: aliona unaletwa na maji. Alikwenda nyumba kwa nyumba, na baadaye akachora ramani ya mtaa ambayo kila kifo kilikuwa kistari kimoja cheusi mbele ya nyumba aliyokaa marehemu. Vistari vilirundikana karibu na pampu ya Broad Street, na kadiri ulivyokwenda mbali nayo vilipungua.

Wengi mmewahi kusikia habari za ramani hiyo, kwa kuwa hutajwa sana kwenye mafunzo ya afya. Kinachosahauliwa ni kwamba haikuwashawishi watu wote. Mmoja wa waliopinga alikuwa kasisi msaidizi wa kanisa la Mtakatifu Luka mtaani hapo, Henry Whitehead, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 30. Yeye alikuwa akiingia katika nyumba zile kila siku, kuombea wagonjwa na kuzika wafu. Aliwajua waumini waliokunywa maji yale kwa wingi na wakapona. Hivyo basi, aliona kwamba uchunguzi wa kina ungeuangusha upesi mchoro wa daktari.

Hapo ikaingia kamati ya parokia. Ndiyo, kamati kama zenu. Wakati ule parokia za Uingereza zilishughulikia pia mambo ya serikali za mitaa, na baraza la parokia ya St James liliunda kamati ya kuchunguza maafa hayo mwezi Novemba 1854. Whitehead na Snow wote wawili waliingia humo. Kasisi akachukua barabara moja tu, ile Broad Street, akaanza kubisha hodi upya.

Tofauti ya kazi yake ni hii. Ramani ilionyesha waliokufa. Whitehead akauliza pia habari za waliobaki hai: mlikunywa maji ya pampu ile au hamkunywa? Majibu aliyokusanya yalimgeuza yeye mwenyewe. Kati ya watu 137 waliokunywa, 80 waliugua. Kati ya 297 ambao hawakunywa, waliougua ni 20. Hakuna vistari vyeusi vingi kiasi gani ambavyo vingeweza kusema hayo peke yake, maana kistari cha marehemu hakituambii lolote kuhusu jirani mzima wa ukuta wa pili. Baadhi ya wazee wajane wanaoishi peke yao, ambao mtu angetarajia wawe wa kwanza kufa, walisalimika kwa sababu hawakuwa na mtoto wa kumtuma akachote maji. Habari ya namna hiyo huipati kwa kuhesabu majeneza.

Kisha Whitehead alipokuwa akipitia daftari la vifo aliona jina la mtoto mchanga wa miezi mitano, wa nyumba namba 40, jirani kabisa na pampu. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kuhara, siku nne kabla ya kufa. Alimfuata mama yake. Mama akamweleza kwamba alifua nepi na kumwaga maji yake katika shimo la maji taka mbele ya nyumba. Kamati ikaagiza pachimbwe. Matofali ya shimo yalikuwa yameoza, na kutoka hapo hadi kisimani ni chini ya mita moja, udongo wote ukiwa umelowa uchafu. Baba wa mtoto huyo, askari polisi, naye aliugua tarehe 8 Septemba, siku ile ile mpini wa pampu ulipoondolewa kwa ushauri wa Snow. Uchafu ukaanza kuingia upya kisimani, lakini hakukuwa na mtu wa kuyachota maji hayo.

Taarifa ya kamati ilitoka mwaka 1855. Wakubwa wa afya waliendelea na hewa yao chafu kwa miaka kadhaa, lakini wana parokia walikuwa wamejionea.

Tumekaa sana London kwa makusudi. Tunawaomba mtambue nani alifanya nini. Daktari alichora. Kasisi alibisha, akaenda kuuliza waliokuwa nje ya mchoro, na kwa kubisha kwake akauimarisha mchoro alioukusudia kuubomoa. Katika kamati zetu mtu anayebisha huonwa mkorofi, hasa akiwa mama, na hasa mgeni mfadhili akiwa amekaa mbele.

Zipo picha nyingine ambazo sisi watu wa kanisa tumezibandika ukutani kwa miaka bila kuzihoji. Ramani ya dunia iliyozoeleka mashuleni ilitokana na ile ya Mercator ya mwaka 1569, iliyotengenezwa kwa ajili ya mabaharia. Humo Greenland inakaribia kulingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi. Mwaka 1973 mwanahistoria Mjerumani, Arno Peters, ambaye hakuwa mtaalamu wa ramani, aliwaita waandishi wa habari mjini Bonn na kuonyesha ramani yenye kutoa kila nchi eneo lake la haki. Mashirika ya maendeleo ya makanisa yaliipokea kwa furaha na kuisambaza. Wataalamu wakabisha vikali: eneo ni sahihi, walisema, lakini Afrika imevutwa ikawa ndefu kama nguo iliyotundikwa ikiwa imelowa. Tena ikaonekana kwamba mchungaji wa Scotland, James Gall, alikwisha kueleza ramani ya namna hiyo tangu 1855. Mabishano hayo yalisaidia. Ramani ya Equal Earth ya mwaka 2018 inatunza eneo bila kulivuta umbo kiasi kile, na mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kutaka ramani ya Mercator iachwe.

Sasa turudi kwenye manila zetu.

Tumeona nguzo za visima vilivyochimbwa tangu mradi uanze, kila mwaka nguzo ndefu kuliko ya jana. Ni kweli tupu. Lakini ndugu zetu, nguzo za jumla haziwezi kushuka hata zikitaka! Kisima kilichokufa miaka mitatu iliyopita bado kimo ndani yake, kinahesabiwa. Pembeni ya nguzo hiyo tunataka nyingine fupi: visima vinavyotoa maji leo, kwa kwenda na kupampu, si kwa kumpigia mwenyekiti simu.

Aidha, kigango chenye wagonjwa 30 kimechorwa duara kubwa kuliko chenye wagonjwa 10. Je, kila kigango kina watu wangapi? Ikiwa cha kwanza kina watu 1,000 na cha pili 100, muuguzi na apelekwe cha pili. Hili ni jambo la uhai wa watu, kwa kuwa muuguzi ni mmoja na pikipiki ni moja.

Wale mliochora ramani ya kijiji chini, kwa majivu, mawe na maharage, mmefanya vyema. Angalieni tu nani anashika fimbo ya kuchorea. Wanaume huanza na barabara, kanisa na duka. Akina mama wakipewa fimbo, chemchemi hutokea ambazo mwenyekiti hakuzitaja. Fanyeni michoro miwili, kisha muigize kwenye karatasi kabla mbuzi hawajapita.

Kuna jambo moja hatutalikubali, hata mchoro uwe mzuri namna gani. Snow aliweka kistari mbele ya mlango wa kila marehemu. Ramani ya namna hiyo haitabandikwa katika ukumbi wa parokia kuonyesha nyumba za wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wala kaya zinazopokea msaada wa chakula. Kijijini nyumba moja kwenye ramani ni sawa na jina. Wekeni idadi ya kigango kizima. Orodha ya majina ibaki kwenye kabati la paroko.

Kwenu wafadhili tuna ombi. Mkionyeshwa nguzo zinazopanda, tuulizeni ni nani hayumo. Na mkipokea nguzo iliyoshuka yenye maelezo ya kweli chini yake, msikimbilie kupunguza msaada robo inayofuata, maana katibu mwenye akili atajifunza upesi kuchora zile tu zinazowapendeza.

Sasa tunaanza kuzunguka ukumbi. Kila kamati itasimama mbele ya mchoro wa parokia nyingine, si wake, na kuandika maswali matatu kwa kalamu nyekundu kwenye bango kitita lililo pembeni. Tutaanza na parokia za mbali, kwa kuwa basi lao linaondoka saa tisa.