Pai ya Embe kwa Jiko la Mkaa

Ndugu zangu wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, somo letu la leo ni la jikoni. Lakini wanaume mliopo, tafadhali msiondoke. Katika miji yetu waokaji wa mikate wengi ni wanaume, na tena leo tutapima na kugawanya hesabu, kazi isiyochagua mume wala mke.

Wajua, msomaji, kwamba kila mwaka ufikapo Novemba na Desemba embe huwa nyingi katika mkoa wetu wa Mwanza. Wauzaji huzipanga kwa mafungu, jioni bei hushuka, na asubuhi zilizooza hutupwa. Pengine una mwembe wako mwenyewe uani, au jirani yako anao, na watoto wamekwisha kula mpaka wamechoka. Sehemu ya embe hizo twaweza kuzitia katika pai.

Pai ni chakula kilichookwa, chenye ganda la unga wa ngano chini na juu, na matunda katikati. Sambusa ni ndugu yake, ila sambusa hukaangwa katika mafuta. Pai imetoka Ulaya, na Waingereza hupenda kutia matufaha. Embe nayo ilikuwa mgeni hapa kwetu. Asili yake ni Bara Hindi. Ilifika pwani, kisha ikapanda bara pamoja na misafara. Hata leo ukienda Tabora au Ujiji utaona miembe mikongwe kando ya njia ya zamani iliyotoka Bagamoyo. Basi leo wageni hawa wawili watakutana katika sufuria moja, kando ya Ziwa Victoria.

Kabla hatujawasha moto nitawaeleza jambo la aibu yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha darasa la jioni katika kijiji kimoja cha wavuvi, si mbali na mji wa Mwanza. Walikuwapo akina mama kumi na mmoja. Siku moja nikawaambia, "Juma lijalo tutaoka pai." Kila mmoja akatoa shilingi 2,000 za unga, siagi na sukari. Kwa mtu auzaye dagaa kwa mafungu, fedha hiyo si ndogo.

Siku ilipofika, nilikuwa na stashahada yangu ya chuo kikuu, na maelezo nimeyaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri. Ilikuwa saa nane mchana. Siagi ilikuwa imekaa juani, imelainika kama mafuta ya kujipaka. Nikaitia katika unga, nikamimina maji, nikakanda kwa nguvu zangu zote. Donge likanata mikononi. Nikaongeza unga, nikakanda tena. Embe zilikuwa zimeiva mno, nami nikazimimina mbichi na maji yake yote. Baada ya saa moja tukafunua. Juu pai ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu, na ndani ilikuwa uji. Wale mama wakala kimya, kwa heshima tu.

Juma lililofuata walikuja tisa. Nikaenda nyumbani kwa mmoja wa wale wawili ambao hawakuja. Akanikaribisha vizuri, akanipa kiti, wala hakuwa na hasira. Akasema, "Mwalimu, mume wangu aliniuliza elfu mbili imefanya nini, nami sikuwa na la kumwonyesha. Sasa nikimwambia naenda darasani, anacheka."

Maneno yale yaliniuma kuliko kama angenitukana. Nilirudi darasani nikawaomba radhi. Hapo ndipo bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, auzaye chapati pale mwaloni, aliponiambia, "Mwalimu, unga ule uliupiga kama wa chapati. Ulidhani utakuwaje?" Wakati ule alikuwa bado anajifunza kuandika jina lake. Lakini mikono yake ilijua jambo ambalo mimi nilikuwa nimelisoma tu. Nikamwambia, "Shikamoo, bibi. Basi njoo tushirikiane." Tulirudia kazi ile kwa fedha yangu mwenyewe, na haya nitakayoyaeleza sasa ndiyo tuliyoyafanya.

Kwanza tupime. Utahitaji unga wa ngano gramu 250, siagi au mafuta ya mgando nusu ya uzito huo, chumvi nusu kijiko cha chai, na maji baridi kiasi cha vijiko vinne vya mezani. Nusu ya 250 ni ngapi? Andika jibu katika daftari lako kabla hujaendelea. Ni 125. Je, ukitaka pai mbili, zikahitaji unga gramu 500, utatia siagi kiasi gani?

Najua wengi hamna mizani nyumbani. Unga gramu 250 ni kama vikombe viwili vikubwa vya chai. Hapa jihadhari, maana wengi hukosea. Utasema, "Unga vikombe viwili, basi siagi kikombe kimoja." Sivyo. Siagi ni nzito; kikombe chake kina uzito karibu mara mbili ya kikombe cha unga. Kwa hiyo siagi utakayotia ni nusu kikombe na kidogo zaidi. Na ukikuta kitabu cha zamani cha mapishi kinataja ratili na wakia, usikitupe. Ratili moja ni karibu gramu 450, na wakia moja ni karibu gramu 28.

Hesabu za namna hii si ngeni katika mkoa huu. Mwaka 1968 Serikali na UNESCO walianza mradi mkubwa wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya kandokando ya ziwa, na makao yake yalikuwa hapa Mwanza. Wakulima walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, wavuvi kwa vitabu vya uvuvi, na akina mama kwa vitabu vya maarifa ya nyumbani. Pengine mama yako au bibi yako alikuwa mmoja wao. Muulize.

Haya, turudi kwenye unga. Fanya kazi hii asubuhi mapema, wakati upepo wa ziwani bado una ubaridi. Kopo la siagi litie ndani ya maji ya mtungi usiku kucha, lakini lifunike vizuri maji yasiingie. Mtungi wa udongo hupoza maji vizuri. Mwenye friji naye atumie friji yake.

Chekecha unga na chumvi katika bakuli. Katakata siagi vipande vidogo, kisha ifikiche ndani ya unga kwa ncha za vidole. Usitumie kiganja, kwa maana kiganja kina joto. Fikicha haraka haraka mpaka unga uwe kama chenga za mchele. Ukiona vipande vichache vya siagi vimebaki vikubwa kama punje za mtama, viache. Vikiyeyuka motoni vitaacha nafasi ndogo ndogo, na ganda litakuwa jepesi. Sasa nyunyiza maji baridi kijiko kimoja kimoja, ukikusanya unga kwa kisu au kwa vidole. Mara tu donge linaposhikamana, acha. Usikande.

Kwa nini usikande? Unga wa ngano una kitu ndani yake ambacho kikipata maji na kukandwa huvutika kama ulimbo. Kwa chapati jambo hili ni zuri, maana twataka chapati isukumike iwe nyembamba bila kukatika. Kwa mkate pia ni zuri. Lakini pai yataka ganda linalovunjika kinywani. Siagi tuliyoifikicha imezizungushia chembe za unga, ikazuia maji yasizifikie zote. Siagi ikiyeyuka mapema, au ukikanda sana, kinga ile huharibika, na unapata ile soli ya kiatu niliyowalisha wanafunzi wangu. Yule bibi wa chapati alilijua jambo hili kwa vidole. Alichohitaji kwangu ni kuambiwa kwamba hapa lazima afanye kinyume.

Funika donge kwa kitambaa chenye unyevu, uliweke mahali pa baridi kwa nusu saa. Wakati huo tengeneza embe.

Chagua embe nne za kiasi, zilizoanza kuiva lakini bado ngumu kidogo. Dodo au bolibo zinafaa. Zile ndogo za kienyeji zina nyuzi nyingi. Ziachie watoto wafyonze. Menya, kata vipande vinene kama kidole, tia katika sufuria pamoja na sukari vijiko vinne vya mezani na maji ya ndimu moja. Onja kwanza: embe ikiwa tamu sana, punguza sukari. Bandika motoni kwa dakika chache, mpaka maji ya embe yatoke na kuchemka. Koroga unga wa ngano vijiko viwili vya mezani katika maji baridi kidogo, uyamimine humo huku ukikoroga mpaka mchuzi uwe mzito. Wanga mweupe wa muhogo hufaa hata zaidi, maana mchuzi hubaki mwangavu. Lakini udaga usitie, kwa sababu harufu yake itashinda embe. Ipua, uache mpaka ipoe kabisa. Ukiimimina ikiwa moto, itayeyusha siagi ya ganda, na taabu yako yote ya asubuhi imepotea. Nanasi hutengenezwa vivyo hivyo, ila lina maji mengi, kwa hiyo lichemshe muda mrefu zaidi.

Sasa moto. Huhitaji tanuri ya kununua. Chukua sufuria kubwa ya zamani, siyo ile ya ugali wa kila siku. Tia ndani mchanga safi mkavu, unene wa vidole viwili. Mchanga wa ufukweni hufaa, lakini uchekeche, uoshe, na uuanike mpaka ukauke kabisa. Kazi yake ni kupokea joto na kulieneza polepole, lisije likaunguza mahali pamoja. Funika kwa mfuniko bapa wa bati, bandika juu ya jiko la mkaa kwa robo saa. Kisha toa nusu ya makaa chini ya sufuria, uyapalie juu ya mfuniko. Ni njia ile ile ambayo watu wa pwani hupalia mikate yao. Kujua kama joto limetosha, weka unga kidogo juu ya kipande cha bati ndani ya sufuria, ufunike, uhesabu polepole mpaka 100. Unga ukiwa wa kahawia, moto unafaa. Ukiwa mweusi, punguza makaa. Ukibaki mweupe, ongeza.

Jambo moja naomba ulishike kuliko yote ya siagi na embe. Usioke ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hufa kwa hewa hiyo wakiwa usingizini. Okea nje, au mahali penye mlango na madirisha wazi. Na ukimaliza, usiliingize jiko ndani ili lipashe nyumba joto.

Gawa donge mara mbili, sehemu moja iwe kubwa kidogo. Sukuma ile kubwa juu ya kibao cha chapati, uitandaze katika sahani ya bati iliyopakwa siagi. Sahani iwe ndogo kuliko sufuria, ili hewa ya moto izunguke. Tia embe zilizopoa, funika kwa sehemu ya pili, bana kingo kwa vidole au kwa uma, na toboa matundu matatu juu ili mvuke utoke. Iweke juu ya mchanga, funika, palia. Baada ya dakika 20 funua mara moja tu, mvuke uliojikusanya utoke, kisha ongeza makaa machache juu. Ikifika dakika 45 hivi, ganda litakuwa na rangi ya kahawia, na utaona mchuzi wa embe ukitokota katika yale matundu. Hapo imeiva. Makaa ya juu yaondoe kwanza, majivu yasije yakaanguka ndani.

Harufu itawaita watoto, lakini usikate bado. Iache mpaka ipoe, mchuzi ushikamane. Ukikata ikiwa moto utamwaga uji, hata kama ulifanya mengine yote sawasawa. Iliwe siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi kwa chai.

Pai yetu ya pili tuliikata vipande kumi na viwili. Vipande viwili tulivifunga katika karatasi, nami nikavipeleka mwenyewe kwa wale mama waliotuacha. Mmoja alirudi darasani juma lile lile, na siku hizi huoka kwa maagizo ya harusi, akiandika gharama zake katika daftari. Wa pili alinishukuru kwa kipande chake, lakini hakurudi.

Juma lijalo tutapiga hesabu ya gharama ya pai moja: unga, siagi, sukari na mkaa. Kabla ya siku hiyo pita dukani, usome bei zilizoandikwa, uziandike mwenyewe bila kumwomba mtoto akusaidie. Kwaherini.